Duka Buhemba: deni linavyokula mtaji

Msikilizaji, ukifungua duka au genge Buhemba, wateja hutawakosa. Shida ni siku ya malipo. Mchimbaji mdogo halipwi mwisho wa mwezi kama mwalimu. Anasubiri duara litoe mawe, mawe yapite karasha, dhahabu iuzwe. Muda wote huo anakula, na mara nyingi anakula kwa mkopo wako.

Piga hesabu. Tuseme kilo ya sukari umeinunua 2,800, unauza 3,000. Faida ni 200. Mtu mmoja akichukua kilo moja akahamia machimbo mengine bila kulipa, itabidi uuze kilo 14 ndipo urudi ulipokuwa. Kilo 14, hujapata hata ya chumvi!

Sisemi usikopeshe. Kwa Buhemba, asiyekopesha kabisa atakaa akitazamana na mzigo wake. Ila madeni yote kwa pamoja yasizidi kiasi ambacho ukikikosa, bado unaweza kwenda Musoma kuchukua mzigo mwingine. Andika jina, namba ya simu na duara analofanyia kazi. Aliyefika kikomo alipe kwanza, hata akiwa shemeji.

Daftari lina faida nyingine. Kwa viwango vya TRA vilivyowekwa 2019, mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka alitozwa 100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 5, basi, ni 30,000. Ulizia ofisi ya TRA viwango vya mwaka huu, na nenda na daftari mkononi.