Kuhamisha Seva Bila Kusimamisha Kazi

Ofisi ninayoihudumia ni ya mawakala wa forodha Dar es Salaam, watu 14. Barua pepe ikikwama, kontena linalala bandarini. Mwaka 2023 Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya usalama ya Exchange 2013, programu yetu ya barua pepe, mwezi Aprili, kisha yale ya bure ya mfumo wa seva zetu, Windows Server 2012 R2, mwezi Oktoba. Kuhama kukawa lazima.

Seva ya domeini ni mlinzi wa lango: ukiandika neno la siri asubuhi, yeye ndiye anayekutambua. Exchange humtegemea, kwa hiyo nilianza naye. Nilichukua nakala rudufu, nikajaribu kuirejesha, ndipo nikaweka seva mpya kando ya kuukuu. Akaunti zote zikajinakili. Nikahamishia seva mpya majukumu matano ya uongozi wa domeini, nikasimika Exchange 2019, halafu masanduku ya barua yakahama moja moja, la mhasibu likiwa la mwisho kwa uzito wake.

Ijumaa jioni nikazima seva kuukuu, nikaenda zangu. Jumatatu kompyuta zote bubu! Zilikuwa bado zinaiuliza ile iliyozimwa anwani za mtandao.

“Fundi,” bosi akaniambia, “umehama, funguo umeziacha kwa jirani?”

Niliiwasha, nikarekebisha mipangilio, kazi ikaendelea. Nawe unayejiandaa kuhama, usiifute seva ya zamani haraka. Izime kwanza siku chache. Ulichosahau kitajitokeza chenyewe.