Mafunzo au Vipaji? Kupima Chanzo cha Kudorora kwa Safu ya Ushambuliaji katika Timu za Vyuo: Mifano ya Handeni na Korogwe

Utangulizi

Timu ya chuo inapopoteza uwezo wa kufunga mabao, maelezo mawili hutolewa kwa haraka. Ya kwanza humtupia lawama kocha. Ya pili hudai kwamba wachezaji waliopo hawana vipaji kama wa miaka iliyotangulia. Uamuzi huo una gharama. Katika vyuo vya ualimu, kama kile cha Korogwe, mazoezi ya timu mara nyingi husimamiwa na mkufunzi wa somo aliyeongezewa jukumu la michezo. Akiondolewa kwa kosa lisilo lake, chuo hupoteza msimamizi na tatizo hubaki. Kwa upande mwingine, mwanachuo anayeambiwa hana kipaji ni mwalimu mtarajiwa. Kesho ndiye atakayechagua watoto wa shule kwa ajili ya UMITASHUMTA, na anaweza kuwapima kwa imani hiyohiyo aliyopimwa nayo.

Makala haya yanafafanua namna ya kutenganisha sababu hizi mbili. Hoja kuu ni kwamba jumla ya mabao haiwezi kutoa jibu. Jibu huanza kupatikana pale mabao yanapogawanywa kati ya wachezaji waliobaki na waliobadilika, na pale ushambuliaji unapotazamwa hatua kwa hatua.

Kikosi kinachobadilika kila mwaka

Kozi ya ualimu ya miaka miwili huondoa takribani nusu ya wanachuo kila mwaka. Kwa hiyo, kulinganisha timu ya mwaka huu na ya mwaka jana ni kulinganisha vikosi viwili tofauti vyenye jina moja. Kocha mpya akianza kazi mwaka huohuo, mabadiliko ya kocha na ya wachezaji hutokea kwa pamoja, na mtazamaji hana njia ya kuyatenganisha kwa kutazama matokeo tu.

Mfano wa kufikirika unaweza kusaidia. Timu ilifunga mabao 18 katika mechi 9. Mwaka uliofuata ikafunga 9 katika idadi hiyohiyo ya mechi. Kati ya yale 18, wahitimu walioondoka walifunga 10 na waliobaki walifunga 8. Ikiwa waliobaki sasa wamefunga 7 na wageni 2, pengo karibu lote linatokana na kuondoka kwa wahitimu. Ikiwa waliobaki wamefunga 3 na wageni 6, sehemu kubwa zaidi ya pengo, yaani mabao 5 kati ya 9, imo miongoni mwa wachezaji walewale. Hapo madai ya uhaba wa vipaji hudhoofika, kwa kuwa kipaji cha mchezaji yuleyule hakipotei kwa likizo moja.

Hata hivyo, mshambuliaji aliyebaki anaweza kuwa amempoteza kiungo aliyekuwa akimlisha mipira. Ndiyo maana hesabu hii haitoshi peke yake.

Hatua za ushambuliaji

Ushambuliaji una hatua nne: kuutoa mpira nyuma, kuvuka eneo la kiungo, kuunda nafasi na kumalizia. Kila hatua huonyesha mchanganyiko tofauti wa mafunzo na vipaji. Kona na mipira ya adhabu hutegemea sana mpangilio uliorudiwarudiwa mazoezini. Kudorora kwake huelekeza macho kwa kocha. Kumpita beki mmoja kwa mmoja hutegemea zaidi uwezo wa mchezaji. Umaliziaji nao huhitaji tahadhari: katika mechi 9, mipira miwili au mitatu inayogonga mwamba inatosha kubadili sura ya msimu mzima. Timu inayounda nafasi nyingi kama awali lakini haifungi haijathibitisha udhaifu wa kocha wala wa wachezaji.

Katika vyuo vya Marekani, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani huwa na kocha maalumu wa ushambuliaji, hivyo lawama zinaweza kuelekezwa mahali mahususi. Mkufunzi wa Korogwe hubeba hatua zote nne peke yake.

Funzo la ligi: Mgambo ya Handeni

Timu ya JKT Mgambo, yenye kambi yake Kabuku, wilayani Handeni, iliingia Ligi Kuu msimu wa 2012/2013 na kushuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2015/2016. Katika msimu huo, Coastal Union na African Sports, zote za Tanga, zilishuka pia. Timu tatu zenye makocha na wachezaji tofauti ziliporomoka pamoja. Tukio hilo linamlazimu mtafiti kuuliza kwanza zilikuwa na nini kwa pamoja, kabla ya kuchunguza kila benchi la ufundi. Zaidi ya hayo, ligi ilipanuka kutoka timu 14 hadi 16, na mechi za kila timu zikaongezeka kutoka 26 hadi 30. Anayelinganisha mabao ya misimu hiyo bila kugawa kwa idadi ya mechi huanza na kipimo kibovu.

Msimu huo una funzo lingine. Jackson Mayanja, aliyewahi kuifundisha Coastal Union, alijiunga na Simba Januari 2016. Coastal ilishuka, Simba ilimaliza nafasi ya tatu. Tofauti hiyo haipimi ubora wake, kwa kuwa vikosi vya klabu hizo havikulingana. Kocha hupimwa kwa kile alichokabidhiwa.

Sababu za tatu

Mafunzo na vipaji si sababu pekee. Wanachuo wanapokwenda shuleni kwa mazoezi ya kufundisha, kikosi hutawanyika kwa wiki kadhaa. Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, huharibu viwanja vya nyasi za asili na kupunguza kasi ya timu zinazotegemea pasi za chini. Mambo hayo yakiachwa nje ya hesabu, uzito wake huangukia kwa kocha au kwa wachezaji bila haki.

Hitimisho

Uchambuzi huu unaonyesha kwamba swali la "mafunzo au vipaji" hujibiwa kwa kiasi, si kwa kuchagua upande mmoja. Daftari la chuo linalorekodi mfungaji, mtoa pasi, mwaka wake wa masomo na namna kila nafasi ilivyopatikana linatosha kuanzia, na halihitaji vifaa vya gharama. Pasipo rekodi hiyo kwa angalau makundi mawili ya wanachuo chini ya kocha mmoja, uongozi wa chuo hauna msingi wa kumwondoa mkufunzi, wala mkufunzi hana msingi wa kuwaita wanachuo wake wasio na vipaji.