Je, Wajua? Fuko Anayezidishiwa Maumivu na Mofini

Panya wa maabara akidungwa mofini kisha akawekwa juu ya bamba lenye joto la zaidi ya nyuzi 50, huchelewa kuinua mguu na kuuramba. Hivyo ndivyo dawa ya maumivu inavyotarajiwa kufanya, iwe kwa panya au kwa mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji. Mwaka 1990 Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Kjell Hole wa Norway walichapisha matokeo ya jaribio hilohilo kwa mnyama mwingine. Safari hii mofini haikutuliza kitu. Aliyedungwa aliinua mguu mapema kuliko mwenzake ambaye hakupewa dawa, na juu ya hayo akawa mkali kupita kiasi. Wakiwekwa pamoja, waligeukiana kwa meno.

Mnyama mwenyewe ni fuko uchi, mwenyeji wa nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Ana urefu wa kidole cha mtu mzima, ngozi ya waridi iliyokunjamana, na meno yaliyotokeza nje ya midomo ili achimbe bila kumeza udongo. Anaishi chini ya ardhi katika kundi lenye malkia mmoja anayezaa na vibarua wengi wasiozaa, kama mchwa. Mtafiti Jennifer Jarvis ndiye aliyeutangazia ulimwengu jambo hilo mwaka 1981. Fuko huyu anaweza kupita miaka 30, umri ambao panya wa kawaida haufikii hata kwa sehemu ya kumi.

Magazeti hupenda kuandika kwamba fuko huyu hasikii maumivu. Yamepitiliza. Umbane au umguse na kitu cha moto, atashtuka na kukwepa kama mnyama mwingine yeyote. Asichokisikia ni mwasho wa tindikali na ukali wa pilipili, na hilo lilithibitishwa mwaka 2008 na kundi la Thomas Park wa Chicago. Neva nyembamba za ngozi yake hazina kemikali moja ambayo kwa panya na kwa binadamu hupeleka habari za kuungua hadi kwenye uti wa mgongo. Watafiti walipoipeleka jeni ya kemikali hiyo kwenye mguu mmoja kwa kutumia kirusi, mguu ule ulianza kuisikia pilipili. Tindikali haukuisikia bado.

Kwa hiyo swali la watu wa Nairobi halikuwa kama fuko anaumia au haumii. Walitaka kujua habari za maumivu zinapita njia gani mwilini mwake, na nani anazizuia. Namna ya kulijibu swali kama hilo ni kuziba. Kila kemikali ya neva ina vipokezi vyake juu ya chembe hai, na kipo kizuizi kinachoweza kukikalia kipokezi bila kukiamsha, mithili ya abiria aliyekalia kiti cha matatu na hataki kulipa: gari halipati nauli, na mwenye nauli hapati pa kukaa. Ukishaziba, unatazama mnyama amebadilika vipi. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mtu amesimama na saa mkononi, anahesabu sekunde kabla mkia haujakwepa joto, na upo ukomo uliowekwa ili mnyama aondolewe kabla hajaungua.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote lilichapishwa mwaka 2014, kazi ya watafiti wa Nairobi na mwenzao wa Copenhagen. Safari hii waliigeukia asetilikolini, kemikali inayotumiwa na neva nyingi mwilini. Ina vipokezi vya aina mbili: vinavyoitikia muskarini ya uyoga na vinavyoitikia nikotini ya tumbaku. Oksotremorini iliamsha vya kwanza. Vya pili viliamshwa na epibatidini, sumu ya chura mdogo wa Ecuador. Zote mbili zilipunguza maumivu, na kadiri kipimo kilivyoongezwa ndivyo nafuu ilivyoongezeka. Kisha wakaziba. Atropini, ambayo hospitali zetu huitumia kumwokoa mtu aliyekunywa dawa ya wadudu, iliifuta nafuu ya oksotremorini. Mekamilamini, dawa ya zamani ya shinikizo la damu, ikaifuta ile ya epibatidini. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama kwenye vitabu.

Ndipo wakaleta naloksoni. Hii huziba vipokezi vya mofini, na ndiyo wanayodungwa watu waliozidisha heroini ili pumzi irudi. Ungetegemea ama isibadilishe lolote, ama iharibu nafuu iliyopatikana. Kwa fuko iliiongeza. Oksotremorini ikiwa pamoja na naloksoni ilituliza kuliko ikiwa peke yake, na epibatidini vilevile, tena katika majaribio yote matatu: la mkia, la bamba la moto na la fomalini iliyodungwa mguuni. Maelezo waliyotoa watafiti ni kwamba vipokezi vya mofini vikizibwa, asetilikolini hupata upenyo wa kutuliza. Jinsi mifumo hiyo miwili inavyoshikana waliiacha kama kazi ya baadaye.

Lakini usikimbilie kusema mofini ni adui wa fuko. Mwaka 1993 maabara hiyohiyo ya Nairobi ilijaribu fomalini, ambayo uchungu wake hudumu kwa dakika nyingi badala ya sekunde chache, na hapo mofini ilituliza vizuri, sawa na parasetamoli. Mnyama ni yuleyule na dawa ni ileile. Kilichobadilika ni aina ya maumivu. Wala fuko uchi hayuko peke yake. Mwaka 1995 Nairobi waliripoti kwamba mofini na pethidini zilizidisha maumivu kwa yule fuko mwenye manyoya pia, anayechimba mashamba na kula mizizi ya mazao ya watu.