Michezo na Ufundishaji wa Matamshi ya Namba za Kiingereza kwa Watoto Wazungumzao Kiswahili

Utangulizi

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, Kiswahili kwa kawaida ndiyo lugha ya kufundishia, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Mwanafunzi afikapo kidato cha kwanza, Hisabati hufundishwa kwa Kiingereza. Asiyetofautisha kwa sikio thirteen na thirty huweza kukosa swali ambalo kwa Kiswahili angelipata. Makala haya yanafafanua chanzo cha mkanganyiko huo na aina ya mchezo unaofaa kuushughulikia.

Chanzo cha mkanganyiko

Kwa Kiswahili, 13 ni kumi na tatu na 30 ni thelathini. Majina hayo hayafanani. Kwa Kiingereza, tofauti imo katika mkazo na mwisho wa neno. Thirteen ikitamkwa peke yake huwa na mkazo katika silabi ya mwisho, yenye irabu ndefu na iliyofungwa na n. Thirty huwa na mkazo katika silabi ya kwanza. Mkazo wa Kiswahili, kwa kawaida, huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwanafunzi anayeufuata huzitamka namba zote mbili kwa mkazo wa mwanzoni, na tofauti hubaki kwenye n pekee.

Akiongeza irabu ili kupata silabi huru, thirteen huwa "thatini". Mkazo hurejea mahali pake, lakini huzuka tatizo jingine: makumi yote ya Kiswahili kuanzia ishirini hadi tisini huishia na -ini. Sixteen inayotamkwa "sikistini" hukaribiana na sitini, yaani 60. Kwa hiyo, mwisho unaofanana na alama ya makumi kwa Kiswahili ndio unaobeba 13 hadi 19 kwa Kiingereza.

Uteuzi wa mchezo

Si kila mchezo wa namba hufundisha matamshi. Kuhesabu kwa mfuatano, kama afanyavyo mtafutaji katika kombolela, humzoeza mtoto majina ya namba, lakini mfuatano wenyewe humwambia namba ijayo kabla sikio halijafanya kazi. Aidha, hata wazungumzaji wazawa wa Kiingereza, wanapohesabu hivyo, aghalabu husogeza mkazo wa 13 hadi 19 kwenye silabi ya mwanzo. Tofauti inayokusudiwa kufundishwa hufifia.

Unaofaa ni mchezo wa jozi saba, kuanzia 13 na 30 hadi 19 na 90. Kila mwanafunzi hupewa kipande cha boksi chenye, kwa mfano, 15 upande mmoja na 50 upande wa pili. Mwanafunzi mmoja huchomoa karatasi iliyofichwa, hutaja namba aliyoipata, na wenzake huinua upande waliousikia. Akitaja 15 na wengi wakaonesha 50, hutambua papo hapo kwamba matamshi yake hayajaeleweka, hata kabla mwalimu hajamsahihisha. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, jozi zote huandikwa ubaoni, na wawakilishi wa makundi mawili hushindana kuigusa namba iliyotajwa.

Hitimisho

Uchangamfu wa darasa si kipimo tosha cha mchezo wa matamshi. Kipimo ni iwapo kosa la matamshi hubadili matokeo ya mchezo. Pale kosa linapopita bila athari yoyote, watoto hucheza, lakini matamshi hubaki yalivyokuwa.