Je, Wajua? Mkate Wenye Nembo Tangu Mwaka 79

Mlima Vesuvius wa Italia ulipolipuka mwaka 79, mkate mmoja katika mji wa Herculaneum uliungua ukawa mkaa, lakini mhuri wake haukufutika. Mpaka leo unasomeka kuwa ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Hauna ua wala picha ya tanuri. Ni jina tu, lililogandamizwa kwenye donge la unga kabla ya kuokwa.

Anayeoka keki na mikate nyumbani ana la kujifunza hapo. Nembo yako ianze kwa rangi moja, nyeusi. Ikipendeza hivyo, utaichongesha mhuri wa mpira na kuigonga mwenyewe kwenye mifuko ya kaki na maboksi, bila kulipia uchapaji wa kila boksi. Kisha ipunguze ifikie ukubwa wa sarafu. Jina halisomeki? Ondoa mapambo, hasa herufi nyembamba za kujipindapinda, maana hizo ndizo hupotea kwanza. Na kama unasifika kwa mkate wa mofa, kwa nini uchore keki yenye cheri kama kila mtu?

Mchoraji akupe pia faili la vekta, ambalo hukuzwa hadi kuwa bango bila kufifia.

Kusajili jina la biashara hakulindi nembo. Nembo husajiliwa peke yake kama alama ya biashara: Tanzania Bara ni BRELA, Kenya ni KIPI. Katika madaraja ya bidhaa ya usajili huo, mikate na keki zimo katika daraja la 30.