Kumwona Mkubwa wa Kazi: Jitayarishe Kabla ya Kubisha Mlango



Katika vikundi vyetu pesa za mzunguko hazitoki shambani pekee. Nyingi zinatoka kwa mshahara. Mmoja anachuma majani chai, mwingine yuko kwenye shamba la maua, mwingine ni mpishi wa shule au askari wa usiku. Mshahara ukiharibika, kikundi nacho kinayumba. Ndiyo sababu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wanaliogopa kuliko hata kwenda kortini, yaani kuingia peke yako katika ofisi ya meneja na kumweleza shida yako.

Tuseme hivi. Mama mmoja amefanya kazi katika shamba la maua miaka miwili mfululizo. Bado anaitwa kibarua. Hajapata likizo hata siku moja. Nyapara amemjibu mara tatu, "Ngoja, nitauliza." Sasa ameambiwa atamwona meneja Jumatano saa nne asubuhi. Leo ni Jumapili. Afanye nini?

Kwanza ajue anataka nini. Hapa ndipo watu hupotea. Mtu akiingia anaanza na mdomo mbaya wa nyapara, anaruka kwa maji ya kunywa, halafu mshahara ni kidogo, halafu mtoto amefukuzwa shule. Dakika kumi zimekwisha. Meneja anasema, "Nimesikia," na kwa kweli hakuna alichosikia. Chagua jambo moja, au mawili kama yanashikana, uliandike kwa sentensi moja fupi. Huyu mama angeandika: "Naomba nipewe barua ya kazi na likizo yangu ya mwaka." Kama huwezi kulisema kwa pumzi moja, bado hujalijua.

Pili, tarehe. Aliandikwa lini? Alimwambia nyapara siku gani na gani? Akusanye kila karatasi aliyo nayo: kadi ya kazi, slipu ya mshahara ikiwa anapewa, hata ujumbe wa malipo kwenye simu. Kama anakatwa pesa za NSSF, aende na kitambulisho katika ofisi yao au Huduma Centre aombe taarifa ya michango yake. Huko ataona kama pesa zinafika. Ni afadhali kujua kabla ya Jumatano, maana mtu akisema "mnatukatia pesa na kuzila" bila karatasi mkononi, amejitafutia taabu bure.

Tatu, sheria inasema nini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi. Vilevile anayefanya kazi isiyotazamiwa kumalizika kwa miezi 3. Kifungu cha 9 kinataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe wa maandishi. Na kifungu cha 28 kinampa mfanyakazi likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili, kila baada ya miezi 12. Kwa hivyo huyu mama haendi kuomba msaada. Lakini tunasema tena, usiingie ukiitikisa sheria kama fimbo. Iweke mfukoni, uitoe ukiulizwa "nani amekuambia?" Hapo ujibu kwa upole, utaje kifungu.

Watu wa kanisa tunaye mwalimu mzuri wa jambo hili, naye ni Nehemia. Someni sura ya kwanza na ya pili. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta, yaani mwajiriwa, na mfalme alikuwa mkubwa wake wa kazi. Alisikia habari mbaya za Yerusalemu mwezi wa Kisleu, lakini alizungumza na mfalme mwezi wa Nisani. Hiyo ni kama miezi 4 ya kufunga, kuomba na, tunaamini, kupiga hesabu. Maandiko yanasema wazi kwamba aliogopa sana. Lakini mfalme alipouliza anataka nini, jibu lilikuwa tayari. Alitaja kazi anayotaka kwenda kufanya. Alipoulizwa atakaa muda gani, alitoa muda. Kisha akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, na barua nyingine kwa Asafu, mtunza msitu, ili apewe miti ya malango na ya ukuta. Alijua hata jina la mwenye mbao! Na angalieni, mbele ya mfalme hakumsengenya mtu yeyote. Sisi tungeanza na Sanbalati.

Sasa mazoezi, na hapa kikundi kina kazi. Jumatatu jioni, baada ya kuhesabu pesa, mwanachama mmoja akae kwenye kiti awe meneja, tena awe meneja mgumu. Amkatize. Aangalie simu. Aulize, "Mbona wenzako hawalalamiki?" na "Kazi ikipungua nitakulipa na nini?" Mama ajibu kwa sauti. Mara ya kwanza atatetemeka na watu watacheka, si neno. Mara ya tatu maneno yatakuwa yake mwenyewe. Mazoezi haya yanasaidia kuliko mawaidha yote ya gazeti hili.

Juu ya lugha, usijitese na Kiingereza cha kukariri. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa Katiba ya 2010. Sema, "Habari ya asubuhi, Bwana Meneja," au "Madam," ueleze jambo lako, kisha unyamaze. Kunyamaza ni kugumu, lakini mwache naye afikiri. Akisema "tutaona," uliza kwa heshima, "Nirudi tarehe gani?" Na tafadhali, usimpelekee kuku. Kuku wa kwenda kudai haki yako ni hongo tu, hata akiwa wa kienyeji.

Akina mama na wasichana, neno moja zaidi. Ukiitwa na mkubwa saa za jioni wakati ofisi ni tupu, una ruhusa kusema, "Nitakuja kesho asubuhi." Una ruhusa kuomba mlango uachwe wazi au mwenzako akae karibu. Mkubwa anayedai mwili ili akupe kazi au likizo anavunja kifungu cha 6 cha sheria hiyohiyo.

Wengi wanatuuliza, "Na nikifutwa kwa sababu nimesema?" Hatuwezi kudanganya kwamba haitokei. Lakini kifungu cha 46 kinakataza kumfuta mtu kwa sababu amelalamika au anakusudia kulalamika, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo yasiyo na msingi. Na ukishtakiwa kosa la kazini ama kwamba huiwezi kazi, kifungu cha 41 kinataka uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako wa kazi au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, nawe usikilizwe, kabla hujafutwa. Hapo ndipo zile tarehe na karatasi zinapokuwa ngao. Ukifutwa bila haki, usikae nyumbani ukilia. Ofisi ya leba inapokea malalamiko ya kufutwa ndani ya miezi 3.

Ukitoka ofisini, kabla hujapanda gari, andika meneja alisema nini na saa ngapi. Siku ya pili mwandikie barua fupi: asante kwa kunisikiliza, tulikubaliana hivi na hivi, nitarudi tarehe fulani. Toa nakala mbili. Moja ipigwe muhuri na sekretari wake kuonyesha imepokelewa. Nyingine apewe karani wa kikundi aifungie katika sanduku la pesa, maana nyumbani kuna panya, kuna mvua, na kuna watoto wanaotafuta karatasi ya kufunikia vitabu.