Mto Mmoja, Makao Mbalimbali

Miaka kadhaa iliyopita nilimnyima mwanafunzi wangu mmoja wa isimu alama nne. Swali lilimtaka aeleze yanayotokea lugha inapokuwa na maneno mawili yenye maana ile ile. Mimi nilikuwa nimefundisha kwamba moja hufa. Yeye akaandika kuwa si lazima life, laweza kuhama. Akatoa mfano wa "chuo", neno ambalo wazee wetu walilitumia kwa maana ya kitabu, na "kitabu" liliposhika nafasi hiyo, "chuo" likahamia kwenye mahali pa kusomea. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Ukaidi."

Leo nakiri kwamba mkaidi nilikuwa mimi. Aliyenifumbua macho ni mwenzangu afundishaye elimu ya wanyama, naye alifanya hivyo kwa kunisimulia habari za viumbe wadogo wa majini.

Katika mito ya Ulaya ya Kati wamo wanyama wa ukoo wa kaa na kamba waitwao Gammarus. Mwili wao umepinda kama upinde, hawafikii urefu wa sentimita 3, na huogelea kwa ubavu. Chakula chao kikuu ni majani yaliyodondoka majini. Spishi tatu kati yao zimefanana hata asiyezoea atadhani ni moja. Je, msomaji, hatungetazamia moja iziangamize zile nyingine? Mrusi G. F. Gause alionyesha katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1934 kwamba aina mbili za paramesia zikifungiwa katika chupa moja na kugombea chakula kimoja, moja hutoweka. Kumbe hiyo ndiyo kanuni niliyokuwa nikiihubiri darasani!

Lakini mto si chupa. Gammarus fossarum hukaa juu, kwenye vijito vyenye maji baridi yaendayo kasi. Mto unapopanuka, pulex ndiye hutamalaki. Chini zaidi, maji yanapopata joto, yakapunguza mwendo na kuota mimea, huonekana roeselii. Na hata pale wanapokutana, kijito chenye mawe, changarawe, majani yaliyolundikana na mizizi ya miti kina vyumba vingi.

Nisieleweke kwamba wanaishi kwa amani. Katika miaka ya 1950 pulex alipelekwa Ireland ya Kaskazini ili awe chakula cha samaki. Huko alimkuta mwenyeji, Gammarus duebeni, akaanza kumla, hasa majike waliotoka kujivua gamba wakiwa bado laini. Katika mito mingi mwenyeji ametoweka. Yupo pia mgeni mwingine, Crangonyx, kutoka Amerika ya Kaskazini, mdogo na mnyonge, ambaye naye huliwa. Huyu hata hivyo anadumu, kwa kuwa anastahimili maji yaliyotuama yenye oksijeni haba, ambamo pulex hapumui vyema. Unyonge wake haujamtoka. Amepata tu pa kukaa.

Ndiyo maana swali la nani mwenye nguvu halitoshi. (Nami huulizwa hivyo hivyo kila mara kuhusu Kiswahili na Kiingereza.) Yafaa kuuliza pia mto wenyewe ukoje. Wazungu walinyoosha mito yao, wakaondoa mawe na kusakafia kingo kwa saruji, na sasa mingine wanairudishia mikunjo yake kwa gharama kubwa. Hapa kwetu mawe na mchanga wa mitoni huchotwa kwa ajili ya ujenzi, nasi huhesabu malori tu. Mwalimu ambaye shule yake i karibu na kijito angewapeleka vijana wakainue jiwe moja, watazame waliojificha chini yake, kisha walirudishe taratibu lilivyokuwa.

Mwanafunzi yule sasa anafundisha sekondari. Nimemwandikia barua kuhusu zile alama nne. Hajanijibu.